Jiwe la Mwisho Huchongwa kwa Pengo Lake

Naikumbuka siku ambayo mzee mmoja alivua kofia yake, akaikunja, akaitia mfukoni, kisha akasimama chini ya kazi yangu mbovu akasema yuko tayari. Ilikuwa saa nne asubuhi, Karungu, mbele ya kanisa ambalo bado halikuwa na mlango. Watu kama arobaini walikuwa wamekuja kutazama, na baba yangu alikuwa mmoja wao. Mimi peke yangu, kwa nilivyodhani, ndiye niliyejua kwamba kazi ile ni mbovu, na nilikuwa nimenyamaza.

Mwanangu, nitakusimulia kwa utaratibu. Mtu anayeruka hatua katika kusimulia mara nyingi anaficha kitu, na mimi nilikwisha kuficha vya kutosha nikiwa kijana.

Kilichonifanya nishike kalamu ni maneno niliyoyasikia mwezi uliopita kule Rodi Kopany, kwenye sherehe ya kufungua madarasa mapya. Mshereheshaji, kijana mwenye sauti nzuri na suti iliyombana kidogo tumboni, alimkaribisha mgeni wa heshima akasema, "Huyu ndiye lile jiwe la juu kabisa la tao, linaloshikilia jamii yetu yote!" Watu wakapiga makofi. Mgeni akainua mikono. Nilikuwa nimeketi safu ya tatu, na nikaitazama ile mikono iliyoinuliwa. Nikajiambia: kijana huyu amelisikia neno zuri, lakini hajawahi kulibeba. Sikumkosoa pale. Mwenyeji hakosolewi mbele ya mgeni wake. Lakini neno likitumika ovyo kila wiki, mwishowe hubaki ganda, na hili ni neno ambalo kulijua kulinigharimu.

Basi tuanze na tao lenyewe. Tao ni mawe yaliyopangwa kwa kupinda juu ya mlango, dirisha au daraja. Ukiwa unalijenga, mawe hayo hayawezi kujishikilia. Unayalaza juu ya kiunzi cha mbao chenye umbo la nusu duara, unapanda nayo kutoka kushoto na kutoka kulia, jiwe baada ya jiwe, mpaka kileleni kubaki pengo moja tu. Pengo hilo huzibwa kwa jiwe lililochongwa kama kabari, pana juu na jembamba chini. Sisi mafundi tuliliita jiwe la kufunga. Uzito wake unalivuta chini, lakini kadiri linavyotaka kushuka ndivyo linavyowabana majirani wake, na majirani nao wanalibana. Likishakaa, unaziondoa mbao, na mlango unabaki wazi, juu yake mzigo wote wa ukuta, katikati hakuna nguzo.

Wako wanaolichanganya na jiwe kuu la pembeni tunalosomewa kanisani. Ni mawe mawili tofauti. La pembeni huwekwa kwanza, na nyumba nzima hupimwa kutoka kwake. La kufunga huwekwa mwisho, na lenyewe ndilo hupimwa kutoka kwa mengine. Tofauti hiyo ndogo ndiyo iliyoniangusha.

Mwalimu wangu alikuwa Mzee Marwa, Mkuria kutoka upande wa Kehancha, karibu na mpaka wa Tanzania. Mimi ni Mjaluo wa ufukweni. Yeye hakujua Dholuo zaidi ya salamu, na mimi sikujua Kikuria hata salamu, kwa hiyo ufundi wangu wote niliusomea kwa Kiswahili. Hata leo nikishika nyundo na tindo, huwaza kwa Kiswahili. Alikuwa mtu mfupi mwenye mabega ya fahali, na maneno yake yalikuwa machache. Siku ya kwanza alitupa kanuni mbili.

"Jiwe la kufunga halichongwi kabla pengo halijaonekana," alisema. "Na mbao zikitolewa, aliyefunga ndiye anasimama chini. Sio mwenye kanisa, sio mchungaji. Aliyefunga."

Kanuni zote mbili nilizisikia vizuri. Lakini sikio la kijana lina mlango wa nyuma.

Baba yangu alikuwa mvuvi wa Remba, kile kisiwa cha ziwani ambacho nyumba za mabati zimebanana hivi kwamba mtu akipiga chafya, jirani ndiye anayemwambia pole. Alikuwa na mashua yake, na alitarajia mwanawe wa kwanza aishike. Mimi sikuyaogopa maji. Niliyapenda mawe tu. Nilipenda vile jiwe linavyokataa mara mia, kisha likakubali kwa pigo moja lililopigwa mahali pake. Baba hakuelewa.

"Mtoto wa ziwa anachonga mawe?" aliniuliza. "Ni kama fisi aliyejifunza kulima. Sawa. Hilo tao lenu likisimama, nitanyamaza. Likianguka, utarudi mashuani, na sitaki kusikia neno."

Sasa unajua nilichokuwa nacho mkononi. Kwangu tao lile halikuwa mlango wa kanisa tu. Maisha yangu yote yalikuwa yapitie hapo, ama yazuiliwe.

Nisikilize kosa lenyewe, maana ni kosa ambalo Mjaluo pekee ndiye angelifanya. Katika boma zetu za zamani, juu kabisa ya paa la nyumba ya mwenye boma kulichomoza kijiti kilichoitwa osuri. Ukikiona kutoka mbali unajua: hapa pana mwanamume, na yu hai. Akifa, kijiti kinaondolewa. Nilikua nikikitazama kwa babu yangu, nikijua kwamba kitu kilicho juu ya vyote ndicho chenye heshima kuliko vyote. Kwa hiyo niliposikia kuna jiwe moja linalokaa kileleni mwa tao, sikufikiria kabari. Nilifikiria osuri.

Nikajitafutia jiwe zuri la kijivu lenye mshipa mweusi. Jumapili tatu mfululizo, baada ya ibada, nilikaa nyuma ya jiko letu nikilichonga. Nililipa ncha ndefu iliyochomoza juu, na usoni nikachora nyota. Pande zake nilizikata kwa kipimo nilichokitoa kwenye mchoro, kwa kuwa pengo lenyewe halikuwa limezaliwa bado. Nililipenda jiwe lile hivi kwamba nilikuwa nalifunika kwa shuka.

Aliyeliona kwanza ni Mama Akoth, mama aliyetuchotea maji na kutuchanganyia saruji pale kazini. Ulimi wake ulikuwa mkali kuliko tindo zetu zote. Nilipolileta jiwe kwa toroli, yeye akaweka mtungi chini.

"Owino, jiwe limevaa tai! Linaenda harusi ya nani?"

"Ni jiwe la kufunga, Mama."

Akalizunguka. Akaigusa ile ncha. "Hii ni osuri." Akanitazama kama mtu aliyekuta mtoto na kiberiti. "Baba yako yuko hai huko Remba anavuta nyavu, na wewe unajiwekea osuri? Umemzika lini?"

Vijana wa kubeba mawe walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Nami nilicheka, lakini moyoni nilimwona mama asiyejua sanaa.

Lilipobaki pengo moja tu kileleni, Mzee Marwa akaletewa habari kwamba wakwe wanakuja kuzungumza juu ya ng'ombe wa mahari ya binti yake. "Naenda siku tatu," alisema. "Funikeni hapo juu na gunia lenye maji, jua lisiue saruji. Nikirudi, tunapima pengo, halafu tunachonga."

Siku ya pili ya kutokuwapo kwake, nilipanda jukwaani na jiwe langu. Nilitaka arudi akute kazi imekwisha, na Baba asikie kwamba mwanawe alifunga tao peke yake.

Nililiinua, nikalielekeza kwenye pengo, nikaliachia taratibu. Likapita. Halikugusa upande wowote. Lilishuka kama mtoto anavyopita katikati ya miguu ya watu wazima, likakaa juu ya mbao za kiunzi. Kila upande palibaki nafasi ya kidole kimoja. Kwenye mchoro lilikuwa sawa kabisa. Lakini mawe ya kweli hayakusoma mchoro. Kila moja lilikuwa limekula unene wake wa saruji, moja limeinama kidogo, jingine limesogea, na pengo likatoka kama majirani walivyolifanya.

Ningelishusha wakati ule, hadithi ingeishia hapo. Badala yake nikalinyanyua kidogo juu ya mbao, nikaokota vijiwe vidogo, nikavishindilia pembeni, nikaita saruji nzito, nikajaza, nikapaka juu yake vumbi la jiwe hilohilo ili rangi zifanane. Kwa mtu aliyesimama chini lilikuwa jambo la kupendeza, nyota usoni, ncha juu.

Mama Akoth alinitazama nilipoomba karai la tatu la saruji. "Owino," akasema polepole, "hilo jiwe limekaa, ama limeegemea?"

"Mama, tafadhali, changanya saruji."

Akachanganya.

Mzee Marwa aliporudi, alisimama chini ya tao, mikono nyuma, akatazama juu kwa muda ambao mtu angeweza kumaliza kikombe cha chai.

"Umefunga."

"Nimefunga, Mzee."

"Limekaa?"

"Limekaa."

"Haya." Akageuka, akaenda kuosha miguu. Alitoa siku kumi saruji ikauke, nami nikatuma ujumbe Remba, Baba aje kuona.

Siku kumi zile nilijifunza kwamba mwongo hakosi hoja. Nilijiambia saruji ikikauka nayo ni jiwe. Nikajiambia ukuta utakaojengwa juu hautakuwa mzito sana. Nikajiambia hata mafundi wakubwa hujazia. Kila asubuhi nilikuwa na hoja mpya, na kila asubuhi chakula kilinishinda.

Siku ikafika. Baba alikuja na boti ya asubuhi, begani amebeba gunia la omena kavu, wale dagaa wa ziwani, kwa ajili ya wazee wa kanisa. Alikuwa amevaa shati lake la sikukuu. Aliponisalimia, alitazama juu, akaiona nyota, na sikuwahi kuuona uso wake ukilegea namna ile. Mwanangu, hilo ndilo lililokuwa gumu kuliko yote. Alikuwa ameanza kujivuna kwa ajili yangu.

Kiunzi cha mbao kilishikiliwa chini na kabari nne. Ukizing'oa kwa nyundo, mbao zinashuka, na tao linabaki lenyewe. Mimi ndiye niliyefunga, kwa hiyo mimi ndiye niliyepaswa kusimama chini. Nilikuwa nimekwisha kupiga hatua mbele, Mzee Marwa aliponizuia kwa mkono.

"Ngoja," akasema, na watu wote wakasikia. "Wewe ndio umefunga. Lakini baba yako ametoka mbali. Siwezi weka mtoto wa mtu chini ya tao na baba yake anaangalia. Mikono ni yako, jina la kazi ni langu. Nasimama mimi."

Ndipo alipovua kofia. Akaenda akasimama katikati kabisa, chini ya nyota yangu, akamwambia seremala, "Piga ya kwanza."

Seremala akapiga. Kabari ikatoka. Mbao zikalia. Na pembeni mwa jiwe langu ukashuka uzi mwembamba wa vumbi, ukatua juu ya kipara cha yule mzee.

"Simama!" nilipiga kelele. "Usipige! Mzee, toka hapo!"

Hakusogea. "Kwa nini?"

"Toka kwanza, nitasema."

"Sema nikiwa hapa."

Watu arobaini. Mchungaji. Vijana wa mawe. Baba yangu na shati lake la sikukuu. Nikasema yote. Kwamba nilichonga kabla ya pengo, kwamba jiwe lilipita, kwamba kinacholishika ni vijiwe na saruji, na kwamba niliulizwa kama limekaa nikajibu limekaa. Sikulia, lakini sauti yangu ilikuwa ya mtu mwingine.

Kutoka nyuma mtu mmoja akasema, "Kumbe ni tao la uji!" Kicheko kikaanza kupanda. Mama Akoth akageuka, mkono kiunoni.

"Wewe unayecheka, hata choo chako kimeinama. Nani hapa amewahi kukuona ukisema umekosea?"

Kicheko kikafa. Mzee Marwa akatoka chini ya tao bila haraka, akapangusa kichwa, akavaa kofia yake.

"Nilijua siku ile nimerudi," akaniambia kwa sauti ya chini. "Mtu ambaye jiwe lake limekaa hamalizi saruji yote hiyo."

"Sasa Mzee, kwa nini ulisimama?"

"Nilitaka kujua nimefundisha fundi, ama nimefundisha mtu wa kupaka." Akaonyesha zile kabari. "Ziko nne. Nilikuwa nimekupa tatu. Umetumia moja."

Mpaka leo sijapewa cheti kikubwa kuliko maneno hayo.

Kisha nikamtazama Baba. Nilikuwa tayari kufunga mfuko wangu tupande boti. Alikuwa ameliweka gunia chini. Akasogea, akazungumza na wale watu wala si nami.

"Kule Remba," akasema, "mtu akisema mashua inavuja kabla hatujauacha ufukwe, hatumcheki. Tunamshukuru, tunavuta mashua juu, tunaziba." Akakunja mikono ya lile shati. "Mnazibaje hapa kwenu?"

Seremala alirudisha kabari ya kwanza mahali pake. Nikapanda mwenyewe na tindo, nikatoa saruji yangu na vijiwe vyangu, na kabla sijafika nusu, jiwe likaporomoka lenyewe, du, juu ya mbao. Kila mtu alilisikia. Kama mzee yule angekuwa chini na kabari zote nne zimetoka, ningekuwa nakuandikia mambo mengine leo.

Safari hii tulipima. Mzee Marwa hakugusa chochote. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akituelekeza kwa kidevu. Nilikata katoni kwa umbo la pengo. Mama Akoth alishika upande mmoja, Baba akashika mwingine, na vidole vyake vilivyozoea nyavu vilihisi haraka kuliko vyangu mahali ambapo katoni ilikuwa inabana na mahali ambapo ilikuwa inacheza. "Hapa inaacha," alisema. "Hapa imeshika." Tukatafuta jiwe jingine, la kawaida, la rangi ya mengine yote. Siku mbili nililichonga, nikipanda na kushuka, nalijaribu, naliondoa, nakata unene wa unywele, narudi. Siku ya pili lilipoingia halikupita. Lilisimama kidole kimoja juu ya mahali pake, likingoja. Nikaligonga kwa nyundo ya mbao. Mwanzoni lilitoa sauti nzito, ya kitu kilicho peke yake. Pigo la nne sauti ikabadilika, ikawa nyembamba, ikaenda kushoto na kulia mpaka chini ya ukuta. Mawe yote yalikuwa yameitikia.

Mzee Marwa akanyanyuka kwenye ndoo. "Hilo," akasema, "limekaa."

Nilisimama chini mimi. Baba alikuwa mbele yangu, hatua tano, macho hayapepesi. Kabari ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Ya nne ilipotoka, mbao zilishuka zikaacha mwanga mwembamba kati yake na mawe, na nikahisi tao zima linashuka, si zaidi ya unene wa kucha, kisha likajikamata. Halafu Mama Akoth akaanza vigelegele, na kina mama wote wakadakia, hata ng'ombe waliokuwa wakinywa ufukweni wakainua vichwa.

Baba alipita chini ya tao, akaingia ndani ya kanisa lisilo na paa, akatoka tena. Akanishika mkono kama anavyoshikwa mtu mzima. "Rudi kazini," akasema, akaenda kutafuta boti. Hakutaja mashua tena maisha yake yote, isipokuwa kunitumia samaki.

Jiwe langu lenye nyota? Mama Akoth aliliomba. Likawa la kunolea panga uani kwake, na kila aliyekuja kunoa alisimuliwa lilikotoka. Nikipita pale nilikuwa napanua hatua.

Tao lile lingali limesimama. Nimelipita juzi, nikaligusa kwa fimbo. Kuanzia pale nimefunga matao Migori na Homa Bay, makanisani, kwenye vivuko vya mito, kwenye lango la shule moja ambako vijukuu vyangu vinaingilia. Nimefundisha vijana wengi, na wawili walio bora kuliko wote ni wasichana wa hapahapa Karungu, ambao sasa wananikosoa mimi. Sioni haya kusema najivunia kazi yao. Nchi yetu hii ina mikono ya mawe tangu zamani. Nenda Thimlich Ohinga ukaone kuta ambazo watu wa kale walizipanga bila tone la saruji, milango yake imebebwa na mawe marefu yaliyolazwa juu, na bado imesimama. Wale hawakujua tao, lakini walijua jambo lililo kubwa kuliko tao: kwamba jiwe hukaa kwa kuwa limelingana na jirani yake.

Kwa hiyo, mwanangu, ukimsikia mtu akiitwa jiwe la kufunga, usimtazame kichwani ameinuka kiasi gani. Tazama pembeni yake. Je, ameshika watu? Je, watu wamemshika? Mama Akoth hakuwahi kuketi meza ya mbele popote. Lakini miaka iliyofuata alipika katika shule ya msingi ya pale kwetu, na mwaka alipougua, walimu waligombana, watoto wakaanza kukosa masomo, wazazi wakaacha kuja mikutanoni, na hakuna aliyeweza kueleza kwa nini, kwa kuwa kwenye orodha ya wafanyakazi alikuwa wa mwisho. Huyo alikuwa jiwe la kufunga. Hata ziwani ni hivyo. Omena ni kidole tu, mtu anammwaga kiganjani bila kumheshimu. Lakini wamelishwa naye samaki wakubwa, ndege, kuku wetu, sisi wenyewe, na mama anayemwanika juu ya nyavu ufukweni ndiye anayesomesha nusu ya kijiji. Mwondoe uone kitakachobaki kimesimama.

Neno hili basi si sifa ya kumpa mtu kwa kuwa yuko juu. Ni kazi. Ni kubanwa pande zote mbili, mchana kutwa, na kutolegea. Nyota haihitajiki.

Nasaha yangu ni hii. Usijichonge kwanza, ukajipamba, halafu ukazunguka ukitafuta watu wa kukutosha. Kaa na watu, wajue walivyopangika, nani ameinama, nani amesogea, nani amebeba kuliko wenzake. Pengo lao likikuonyesha umbo lake, ndipo ujichonge, na usione uchungu kwa kile kinachokatwa. Heri ukatwe ukae kuliko ubaki mzima uporomoke. Na kama umekwisha kukosea, maana utakosea, usingoje kabari ya pili. Aliyekuamini anaweza kuwa amesimama chini yako, na si kila mwalimu atakuwa amehesabu kabari za kukupa. Aibu ya kusema kweli ni ya asubuhi moja. Mimi niliila, na nimeshiba heshima miaka yote tangu hapo.

Mungu akupe majirani wanaokubana kwa haki. Akupe uzito wa kuwashika bila kuwalemea. Mikono yako ifanye kazi ambayo utathubutu kusimama chini yake, na watoto wako wapite humo wakiimba, wasijue hata jina la aliyeijenga. Amina, mwanangu. Nenda ukajenge.